Bijombo: Nywele za mgonjwa wa kansere zikirudi tofauti, tusimhukumu

Mtu akishuka kutoka Bijombo kwenda kutafuta dawa ya kansere, kijiji kinamngojea arudi vile alivyoondoka. Akirudi na kichwa kipara, maneno yanaanza. Miezi ikipita, nywele mpya zikaota laini kama za mtoto mchanga, za rangi ya kahawia au zenye mvi, maneno yanazidi. Wachache wanamuuliza dawa zimemsaidia namna gani. Wengi wanaangalia kichwa chake na kukata hukumu.

Maoni yangu ni kwamba mgonjwa wa namna hiyo anakosewa mara mbili. Kosa la kwanza linatokea pale anapopewa dawa bila kuelezwa mapema nywele zake zitakuwaje, wakati wa matibabu na baada yake. Kosa la pili ni letu sisi jamaa na majirani, tunapojifanya waganga wa macho. Makosa yote mawili yanaweza kurekebishwa bila mashine na bila pesa nyingi.

Kwetu, kichwa cha mtu kinasomwa. Katika familia nyingi za Kivu ya Kusini, aliyenyoa ghafla ni aliyefiwa. Ndiyo maana mama mwenye upara anaulizwa kwanza: «Pole mama, nani amekufa?» Nywele nyepesi, za rangi nyekundu-nyekundu, zinazong'oka kwa kuguswa tu, kila mzazi anazijua: ni alama ya bwaki, ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula bora, ambao hospitali ya Lwiro, huko Kabare, imeutibu kwa miaka mingi. Nywele zilizolegea na kulala ziliitwa nywele za sida, miaka ile ugonjwa huo ulipokuwa bila dawa. Na pale ambapo watu hawana maelezo mengine, wanasema karuho: mtu amelishwa sumu, na lazima atafutwe jirani aliyemlisha.

Mazoea haya hayakutoka hewani. Bwaki inabadilisha nywele kweli, na sida isiyotibiwa inaweza kuzilegeza. Lakini alama moja inaweza kuwa na sababu nyingi, na jirani anasimama kwenye sababu ya kwanza anayoijua. Mgonjwa akisikia kila siku kwamba amelishwa karuho, mwishowe ataacha vidonge vya hospitali na kwenda kunywa majani ya kumtapisha. Na jirani asiye na kosa ataanza kuogopa kutoka nyumbani usiku. Neno moja juu ya nywele linaweza kuharibu maisha ya watu wawili.

Basi tuseme wazi kinachotokea. Dawa nyingi za kansere, zile waganga wanaziita shimio, zinapiga chembe za mwili zinazozaana haraka. Chembe za kansere zinazaana haraka, lakini chembe za mzizi wa nywele pia, na zile za mdomo na za tumbo. Dawa haichagui vizuri kati yao. Ndiyo maana mgonjwa anapata vidonda mdomoni, anatapika, na wiki 2 au 3 baada ya dawa ya kwanza anaamka na kuona nywele kwenye mto. Nyusi, kope na nywele za mwili zinaweza kwenda pia.

Si kila dawa inafanya hivyo. Doksorubisini, inayotumiwa sana kwa kansere ya titi, inaondoa nywele karibu zote. Dawa nyingine zinazipunguza tu, na nyingine haziziguzi. Mgonjwa ambaye nywele zake hazikuanguka asifikiri amepewa dawa ya uongo. Na yule aliyebaki na upara asifikiri kansere yake ni mbaya kuliko ya mwenzake. Mionzi nayo inaondoa nywele mahali ilipopita tu: aliyechomwa mionzi kwenye titi hatapoteza nywele za kichwa kwa ajili ya mionzi hiyo.

Mwezi mmoja hadi mitatu baada ya shimio kumalizika, kwa kawaida nywele zinaanza kuota tena. Hapo ndipo wengi wanashangaa, maana walionywa juu ya kuanguka tu, hawakuambiwa juu ya kurudi. Mzizi wa nywele umepigwa, na chembe zinazotia rangi zinachelewa kuamka kuliko zile zinazotengeneza nywele yenyewe. Kwa hiyo nywele za kwanza zinaweza kuwa nyeupe, za kijivu au za kahawia. Zilizokuwa ngumu zinaweza kuwa laini, zilizojikunja sana zikajikunja kidogo, au kinyume chake. Nyusi zilizokwisha kurudi zinaweza kuanguka mara nyingine kisha zikarudi tena. Kwa watu wengi, nywele zinakaribia hali yao ya zamani ndani ya mwaka mmoja hivi. Kwa wengine mabadiliko yanabaki. Na kuna wachache, hasa kati ya waliopewa dosetakseli, ambao nywele hazirudi zote.

Kuna pia mabadiliko ambayo watu wanayaona haya hata kuyataja. Vidonge vya prednisoloni na jamaa zake, vinavyotolewa pamoja na matibabu mengi, vinaweza kuotesha nywele usoni mwa mwanamke na kuvimbisha mashavu. Tamoksifeni, ambayo wanawake wengi waliougua kansere ya titi wanaimeza miaka 5 au 10, inaweza kupunguza nywele polepole muda mrefu baada ya watu kusema «umekwisha kupona». Mama asiyejua jambo hilo anaweza kuacha kidonge kinachomlinda, kwa sababu tu kichwa chake kinamwaibisha.

Kuna atakayesema: watu wanauawa, ng'ombe wanaporwa, na wewe unaandika juu ya nywele? Ninaelewa. Mapigano yalichoma vijiji vingi vya Bijombo tangu mwaka 2018, na wakaaji wengi walikimbia bila kubeba hata sufuria. Lakini ni kwa sababu ya hali hiyo hasa ndiyo ninaandika. Mgonjwa wa kansere wa milimani amefanya safari ambayo wenye afya wengi wangeikataa. Ameshuka Uvira kwa miguu au kwa kubebwa. Kutoka hapo ametumwa Bukavu, kupitia uwanda wa Ruzizi na Kamanyola, au amevuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura. Wengine wanafika mpaka Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kwenye kituo cha kansere kilichofunguliwa mwaka 2012, au Kampala. Vita vilivyofika Bukavu Februari 2025 vilifanya safari hizo kuwa ngumu zaidi. Mtu aliyevuka yote hayo, tukimrudisha nyuma kwa kicheko cha nywele, tutakuwa tumefanya kazi ambayo kansere yenyewe ilikuwa imeshindwa.

Na kuna jambo la usalama. Kwa Wakongo wengi kitambulisho ni kadi ya mchaguzi, na picha yake inaonyesha uso wa zamani: mwenye nywele, nyusi na mashavu ya kawaida. Fikiria mama huyo akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara, hana nyusi, uso umevimba kwa dawa, na mwenye bunduki anaangalia picha, anamwangalia yeye, kisha picha tena. Katika eneo hili ambako sura ya mtu inatumiwa kuamua yeye ni nani na anatoka upande gani, tofauti hiyo si mzaha. Hospitali inayompa mgonjwa shimio impe pia barua fupi yenye muhuri, inayosema kwamba anatibiwa na kwamba dawa zimebadilisha sura yake. Haihitaji kutaja ugonjwa. Ni karatasi moja tu, lakini njiani inaweza kuwa na uzito kuliko dawa.

Muuguzi naye ana kazi yake, na haichukui zaidi ya dakika 10. Kabla ya dawa ya kwanza aseme: nywele zitaanguka au hazitaanguka, zitaanza wiki ya ngapi, zitarudi lini, na zinaweza kurudi tofauti. Aseme kwa lugha ambayo mgonjwa anaiota, iwe Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kinyindu au Kinyamulenge, na mume au dada awepo asikie. Habari hiyo ishuke pia hadi kwa wauguzi wa vituo vidogo vya afya milimani, maana huko ndiko mgonjwa atakakouliza maswali akisharudi, si kwa daktari aliyemwacha Bujumbura au Butaro.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kujitayarisha. Kukata nywele fupi kabla hazijaanguka kunapunguza mshtuko, na ni yeye anayeamua siku, si dawa. Ngozi ya kichwa inakuwa laini na yenye maumivu: sabuni nyepesi inatosha, na mafuta kidogo. Bijombo afunike kichwa kwa sababu ya baridi, hasa usiku. Akiwa Uvira, kando ya ziwa, afunike kwa sababu ya jua. Kitambaa cha kitenge kinafaa, na mama zetu wamekifunga kichwani siku zote bila kuulizwa sababu. Peruki ni nzuri kwa anayeipenda na mwenye uwezo, lakini asikope pesa ya nauli ya kurudi hospitali ili ainunue.

Nywele mpya zisikimbiziwe saloni. Dawa ya kulainisha, rangi, na rasta nzito zinazovuta mzizi zinaweza kuvunja nywele changa na kuunguza ngozi. Waganga wengi wanashauri kungoja karibu miezi 6. Dada wa saloni naye aulize kabla ya kushika chanuo. Majani ya kufunga kichwani au ya kunywa yasianzwe bila kumwambia daktari, maana mengine yanapigana na dawa.

Tujue pia kinachohitaji hospitali na kisichohitaji. Nywele laini au za rangi nyingine, peke yake, si dalili kwamba kansere imerudi. Nywele haziwezi kusema kansere iko wapi. Kinachoweza kusema ni vipimo, na kwa hiyo tarehe za kurudi kuonwa na daktari zishikwe hata kichwa kikipendeza. Lakini mabaka ya duara yanayowasha, au nywele zilizokwisha kurudi zikaanza kuanguka tena pamoja na uchovu mkubwa, yaonwe na muuguzi, maana yanaweza kuwa kuvu, upungufu wa damu au shida nyingine inayotibika. Na wakati wa shimio, homa ya digrii 38 isingojee asubuhi. Homa hiyo ni hatari kuliko upara wote.

Watoto nao wasisahauliwe. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto, na leo kansere hiyo inaitwa kwa jina lake. Inaonekana zaidi mahali penye malaria nyingi, kama nchi za chini kando ya maziwa yetu. Inatibika kwa shimio, na watoto wengi wanaofikishwa mapema wanapona. Mtoto wa namna hiyo akirudi masomoni amefunika kichwa, mwalimu asimwambie mbele ya wenzake, «Vua kofia!» Awaeleze wanafunzi kwa maneno mawili: mwenzenu alikuwa mgonjwa, dawa iliondoa nywele, ugonjwa wake hauambukizi.

Maneno kama hayo yanafaa kanisani pia. Bijombo, mchungaji akisema jambo Jumapili, Jumatatu linajulikana mpaka malishoni. Mchungaji anayesema kwamba upara wa dawa si laana, wala si matunda ya dhambi, wala si kazi ya jirani, anaweza kuzuia ugomvi kabla haujaanza. Chifu wa kijiji anaweza kusema hivyo hivyo pale mtu anapokuja kumshtaki mwenzake kwa karuho: tuuliza kwanza, mgonjwa huyu alitibiwa wapi na kwa dawa gani?

Na waume? Wapo wanaofunga safari yote pamoja na wake zao, wanalala chini kwenye veranda za hospitali, wanauza ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Hao wanastahili heshima. Lakini kwa yule anayemwambia mke wake, «Siku hizi sikujui,» nasema: yeye mwenyewe anaamka kila siku mbele ya kioo na kujiuliza neno hilo hilo. Hahitaji kuulizwa mara ya pili na mtu anayelala kando yake.

Hatuna mashine za mionzi huku kwetu, na barabara ya Bijombo haitajengwa kwa makala moja. Lakini hakuna anayetuzuia kumwambia mgonjwa ukweli mapema, kumwandikia barua ya njiani, na kunyamaza tunapoona kichwa tusichokielewa. Mama aliyerudi na nywele za rangi nyingine asalimiwe kama tunavyosalimia yeyote aliyetoka safari ndefu: karibu nyumbani, umeshindaje, njoo ule.