Mfugaji Naye Aambiwe

Kuna watu wakisikia neno "jeshi" wanashusha sauti. Ukiuliza ndege za kivita zinafanyia wapi mazoezi ya kuruka chini chini, unajibiwa ati hiyo ni siri ya usalama, achana nayo. Siri gani inayotetemesha mabati?

Tuelewane: sipingi zoezi lenyewe. Rubani wa ndege ya mashambulizi huikwepa rada kwa kujificha nyuma ya vilima, kwa hivyo lazima ajifunze kusoma ardhi mbio mbio: ramani kwenye paja, dira, saa. Anahesabu sekunde kutoka mto hadi kona ya barabara, na kona isipotokea, saa ndiyo inamwambia amepotea. Kwa mwendo wa karibu kilomita 13 kwa dakika, Kitengela hadi mji wa Kajiado ni dakika nne hivi. Ukichelewa kuona waya, umeshaupita au umeshakupata.

Sasa niambie Kajiado imebaki vile ilivyochorwa. Isinya kuna laini za umeme za kilovolti 400. Kipeto kuna mitambo 60 ya upepo. Kitengela ndiyo usiseme, jana mbuga, leo ploti, kesho ghorofa. Na kutoka huko hadi Rombo, chini ya Kilimanjaro, kuna mtu na ng'ombe wake. Wakitimka kwa mshtuko, nani atawarudisha?

Uingereza hutangaza mapema ratiba ya ndege za kijeshi zitakazoruka chini kabisa kule Wales na Scotland, na mfugaji akipata hasara ana mahali pa kudai. Ni Waingereza hao hao ambao wanajeshi wao hufanya mazoezi Laikipia. Usalama wao haujaporomoka eti kwa sababu mwenye kondoo anajua Jumanne kutakuwa na kelele.

Sisi husikia baada ya moshi. Tarehe 24 Juni 2021, helikopta ya jeshi iliyokuwa mazoezini ilianguka Ole Tepesi, Kajiado Magharibi, wanajeshi 10 na zaidi wakafa. Haikuwa ndege ya mashambulizi, najua, na sisemi kuruka chini ndiko kulikoiangusha. Nasema tu mazoezi yana watu chini yake.

Ratiba ibandikwe kwa chifu, isomwe kwenye redio za Kimaasai, na nambari ya kudai fidia iandikwe hapo chini. Ni karatasi moja. Ubao wa chifu una nafasi, siku nyingi hauna kitu ila tangazo la mbuzi aliyepotea.