Pampu ya Nozeli Ishitakiwe Mwisho

Juma hili hatutazungumza juu ya jiko wala bustani. Tutazungumza juu ya gari, kwa kuwa gari kuukuu lililoko uani nalo ni mali ya nyumba, na fedha zinazopotea garajini ni zile zile ambazo zingelipa ada ya shule.

Baba yangu mdogo, mstaafu aishiye hapa Gihosha, anayo Peugeot 504 ya mwaka 1974, ya aina isiyokuwa na kabureta. Petroli yake hugawiwa na pampu ya nozeli ya Kugelfischer, kampuni ya Ujerumani. Miezi michache iliyopita gari hilo lilianza kukohoa kila lipandapo mlima kutoka mjini, na asubuhi lilitoa moshi mweusi hata majirani wakafunga madirisha. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kukaza na kulegeza hiki na kile, kisha akatoa hukumu: pampu imekufa, ing'olewe, iwekwe kabureta. Bei aliyoitaja ilipita pensheni ya miezi mitatu. Mzee alikwisha kukubali, ndipo nikamwambia, "Baba mdogo, tuipe siku moja kabla ya kuizika."

Gari hilo si la kudharauliwa. Mwaka 1975, Ove Andersson na Arne Hertz walishinda mashindano ya Safari kwa Peugeot 504 ya nozeli. Kabla yao, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania pamoja na Chris Rothwell walishinda kwa Peugeot 404. Mitambo iliyostahimili vumbi na matope ya Kenya haifi kwa urahisi kama tunavyoambiwa.

Kwanza tuelewe kazi yake. Pampu ya umeme huvuta petroli kutoka tangini na kuipeleka mbele kupitia chujio. Pampu ya nozeli, izungushwayo na mkanda wa meno, ina pistoni ndogo nne, moja kwa kila silinda. Kila pistoni husukuma kipimo chake hadi kwenye nozeli, ambayo hufunguka kwa mkandamizo wa karibu mara kumi na tano ya upepo wa tairi. Kipimo hicho hufuata mambo mawili: kanyagio limeshuka kiasi gani, na injini inazunguka kwa kasi gani. Petroli iliyozidi hurudi tangini. Injini ikiwa baridi, kifaa chenye nta huongeza mafuta kidogo. Maji ya injini yakipata moto nta huvimba, na nyongeza hiyo huondolewa.

Sasa tufuate njia ya mafuta, tangu tangini hadi kwenye injini, bila kuruka hatua. Kazi hii ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko na sigara, watoto wakiwa mbali. Usivute petroli kwa mdomo. Usiweke kiganja mbele ya nozeli inayofanya kazi, maana mkandamizo ule hupenya ngozi.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, weka alama ya rangi mahali ilipo. Kisha toa plagi zote nne, zile tuziitazo buji, uzipange kwa utaratibu wa silinda zake. Plagi nyeusi yenye masizi husema mafuta ni mengi. Plagi nyeupe kama majivu husema mafuta ni machache. Hapo hapo kagua platini na nyaya za moto, kwa sababu makosa mengi ya cheche husingiziwa mafuta.

Pili, fungua swichi bila kuwasha injini, usikilize pampu ya umeme. Ikiwa inalia kwa unyonge, tazama betri, fyuzi na waya unaoshika bodi. Kisha toa mpira wa mafuta yanayorudi, uuingize katika chupa kubwa. Petroli itoke kwa mkondo wenye nguvu, bila mapovu. Mkondo ukiwa dhaifu, kuna kizuizi au pampu imechoka. Mapovu yakionekana, mpira wa nyuma unavuta hewa.

Hapa ndipo tulipomkamata mwizi wetu. Mkondo ulikuwa mwembamba kama wa birika la chai. Tulipofungua chujio tukakuta kutu na matone ya maji. Mzee akakumbuka: wakati wa uhaba wa petroli alinunua mafuta ya bidoni, akayamimina tangini jinsi yalivyo. Kwenye tambarare gari lilipata ya kutosha. Mlimani, injini ilipotaka zaidi, ilikosa, ikakohoa.

Na moshi mweusi je? Alama za spana zilitueleza. Fundi aliposikia kikohozi alidhani kipimo ni kidogo, akaongeza mafuta kwa kurefusha fimbo inayounganisha kanyagio na pampu. Hivyo gari likawa na maradhi mawili yanayopingana: njaa mlimani na shibe tambarare. La pili lilikuwa ni ugonjwa wa dawa.

Tulisafisha tangi, tukabadili chujio, tukaondoa maji, kisha tukairudisha fimbo kwenye alama yake ya zamani. Gari likapanda Gihosha kwa gea ya tatu bila kukohoa. Gharama yote haikufikia sehemu moja kati ya kumi ya ile bei ya kabureta.

Msomaji ambaye hatua hizi hazikumponya aendelee. Ikiwa gari hutoa moshi mweusi hata likiwa na moto, shika mipira ya maji iendayo kwenye kifaa cha nta. Ikiwa ni baridi wakati injini ina moto, maji hayafiki, na pampu hudhani bado ni alfajiri. Chunguza pia viungo vya fimbo: vikilegea hata kwa milimita moja, kanyagio na pampu havitakubaliana tena. Sikiliza kama kuna mluzi wa hewa mahali penye gasketi.

Plagi moja tu ikiwa nyeupe na tatu zikiwa nzuri, badilishana nozeli ya silinda hiyo na ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, nozeli ndiyo yenye kosa. Ukibaki pale pale, na valvu na cheche ni nzima, hapo tu ndipo pampu ipelekwe mahakamani. Hata hivyo usiifungue juu ya mkeka. Pistoni zake zimesagwa kila moja na tundu lake, na chembe ya mchanga yatosha kuziharibu. Mpelekee fundi mwenye meza ya kupimia.

Jambo moja zaidi kwa sisi watu wa milimani. Ufuko wa Tanganyika uko karibu meta 775 juu ya bahari. Bugarama, kwenye Barabara ya Taifa Namba 1, ni zaidi ya meta 2,000. Huko hewa hupungua kwa kadiri ya sehemu moja kati ya nane, lakini pampu ya gari letu haina habari. Hutoa kipimo kile kile. Kwa hiyo masizi kidogo na uzito kidogo huko juu si ugonjwa. Usipunguze mafuta ukiwa mlimani, kwa maana ukirudi Bujumbura injini itakuwa na njaa, na njaa huunguza pistoni.

Na petroli ya bidoni, ikibidi kuinunua, iache itulie usiku kucha nje ya nyumba, imefunikwa vizuri. Asubuhi imimine polepole kupitia kitambaa kizito, ukiacha kiasi cha vidole viwili chini, maana maji na kutu hukaa huko.

Mzee sasa ameandika kilometa za kubadili chujio katika daftari lake la matumizi ya nyumba, chini ya bei ya sukari. Nawasihi nanyi mfanye hivyo. Hadi juma lijalo, kwaherini.