Kutu Hupimwa, Haipakwi Rangi Tu

Karibu kila mwanafunzi wa shule ya sekondari amewahi kuliona jaribio la misumari. Msumari mmoja hutiwa katika maji ya kawaida, wa pili katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, wa tatu katika hewa iliyokaushwa. Baada ya siku chache ule wa kwanza hushika kutu, na wenzake hubaki safi. Darasa huandika kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja, kisha huorodhesha kinga: rangi, grisi na zinki. Daftari hufungwa. Yaliyoandikwa ni kweli tupu, lakini jaribio limekatwa mahali hasa inapoanza kazi ya mhandisi, kwani hakuna aliyeuliza msumari ule umepoteza chuma kiasi gani, na kwa kasi gani.

Gharama ya kutouliza ilidhihirika huko Alaska, Marekani, mwezi Machi mwaka 2006. Katika eneo la visima vya mafuta la Prudhoe Bay, mfanyakazi mmoja alinusa harufu ya mafuta kando ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 86 hivi. Chini ya theluji yalikuwa yamekwisha kumwagika mafuta ghafi zaidi ya lita 750,000, nayo yalivuja kwa siku kadhaa bila mtu kutambua. Tundu lenyewe lingeweza kuzibwa kwa ncha ya kidole. Kadiri visima vilivyopungua nguvu, ndivyo mafuta yalivyopita polepole zaidi bombani. Maji na tope vikatuama chini, bakteria wakastawi humo, na chuma kikalika kutoka ndani. Ukaguzi wa ndani, ule wa kupitisha chombo chenye vipimo ambacho husukumwa na mafuta yenyewe, ulikuwa umefanywa mara ya mwisho mwaka 1998. Rangi isingesaidia neno hapo. Kilichokosekana ni miaka minane ya tarakimu.

Haifai kudhani kwamba kinga zadharauliwa. Chuma kinapolika, atomi zake hupoteza elektroni, na oksijeni pamoja na maji huzipokea. Zinki au magnesiamu, ambazo hutoa elektroni kwa wepesi zaidi, zikiunganishwa kwa waya na bomba lililofukiwa, huliwa badala ya chuma. Ni metali za kafara. Humphry Davy wa Uingereza alilijaribu wazo hili mwaka 1824 kwa mabamba ya shaba yaliyofunika merikebu za kivita. Shaba ikaacha kulika, ila kwa kuwa haikuyeyuka tena majini, viumbe vya baharini vikaigandia kwa wingi na kuzipunguzia merikebu mwendo! Kinga ilifaulu, kazi ikaharibika, na jambo hilo lilijulikana kwa kuwa tu watu walikwenda kutazama.

Ndiyo maana hata penye kinga wahandisi hupima. Kwenye bomba lililofukiwa hupimwa volti kati ya chuma na udongo, na kipimo kinachokubaliwa kwa kawaida ni volti 0.85 chini ya sifuri, ikilinganishwa na kijiti cha shaba kilichomo katika salfeti ya shaba. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola, lina urefu wa kilometa 1,710. Urefu kama huo hauwezi kulindwa kwa kutazamwa na macho.

Hata hivyo, fedha zinapopungua kiwandani, aghalabu upimaji ndio huachwa kwanza. Ukuta uliopakwa rangi mpya mgeni huuona. Mkaguzi aliyefanya kazi yake vyema hana cha kuonyesha ila daftari. Mazoea hayo yaelekea kuanzia darasani, na darasani yaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo. Kipande cha bamba la chuma chenye sentimita 5 kwa 2 hupimwa uzito kwa mizani sahihi, hutundikwa mahali penye maji au unyevu kwa siku 90, husuguliwa kutu yote, kisha hupimwa tena. Ikiwa kimepungua gramu 0.5, kwa eneo la sentimita mraba 20 za pande mbili na msongamano wa chuma wa gramu 7.86 kwa sentimita ya ujazo, kimelika milimita 0.03 hivi, yaani karibu milimita 0.13 kwa mwaka. Bomba lenye unene wa milimita 6 lingedumu miaka 46.

Lingedumu, kama kutu ingekula sawasawa. Mwalimu asiache kuwaonyesha wanafunzi vishimo vilivyobaki juu ya bamba baada ya kusuguliwa, kwa maana kishimo kimoja huweza kuzama mara nyingi zaidi ya wastani, na mafuta ya Prudhoe Bay hayakupitia katika wastani. Vishimo navyo vipimwe kina. Shule iliyo Tanga, penye hewa ya chumvi, na shule iliyo Dodoma zikitundika bamba za namna moja kwa muda mmoja, zaweza kupelekeana matokeo kwa barua kila muhula.