Simu inayosoma kwa sauti, na vijana wetu wa kompyuta

Kijana wa Beni ao Butembo akisema anataka kusoma uinjinia wa kompyuta ili atengeneze vyombo vya kuwasaidia watu wenye ulemavu, wazazi wanauliza kwanza atapata wapi kazi. Ulizo hilo ni la haki. Lakini kazi iko, tena iko ndani ya makanisa yetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya eneo la Beni yameacha wajane na yatima, na pia watu waliopoteza mkono, mguu ao jicho. Bomu la Kasindi, tarehe 15 Januari 2023, liliwakuta waamini ibadani. Waliojeruhiwa tunawaombea, tunawapa sadaka, na mara nyingi tunaishia hapo.

Serikali imeahidi zaidi. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye kuishi na ulemavu, masomo yakiwemo. Ila sheria haimsomei kipofu kitabu chake cha chuo.

Vijana wanapenda kuanza na kitu cha kushangaza. Kule Kenya, Roy Allela alitengeneza glovu zinazogeuza ishara za mikono kuwa sauti kwenye simu, akimfikiria mtoto kiziwi wa jamaa yake. Ni kazi ya akili na ya upendo. Hata hivyo viziwi wengi wamesema juu ya glovu za namna hiyo kwamba lugha yao hutumia pia uso na mwili, na kwamba chombo kinamsaidia zaidi yule anayesikia. Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo anataka nini, ijapokuwa kila mtu njiani aliona ni kipofu. Injinia naye aanze na ulizo hilo.

Angalia programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti maandishi ya kompyuta. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana na James Teh. Wote wawili ni vipofu. Haiuzwi, inatolewa bure. Simu nyingi za Android nazo zina TalkBack, ndani ya «Accessibilité». Ni wachungaji wangapi wanaojua kuiwasha? Kifaransa inakisoma vizuri. Kiswahili kimo ndani ya NVDA, lakini kwa sauti kavu kama ya bati. Kinande hakimo, na si rahisi kukiingiza: sauti yake hupanda na kushuka, na maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi hilo.

Hapo ndipo naona kazi ya wanafunzi wetu, wa UCBC pale Beni kama vile wa vyuo vya Butembo. Kompyuta haijifunzi lugha bila sauti za watu, nasi tuna wasomaji wa Neno kila siku ya Yenga, wazee kwa vijana, wenye Kinande safi. Parokia itoe chumba kimya na wasomaji wanaokubali kurekodiwa. Chuo kitoe vijana na kompyuta. Vipofu wenyewe waketi pale tangu siku ya kwanza, wakisema sauti gani inaeleweka na ipi inachosha.

Na kwa kuwa mega za intaneti ni bei, NVDA ipakuliwe mara moja chuoni, kisha ibebwe kwa flashi hadi Oicha, Mangina na Lubero, kila barabara inaporuhusu.