Ganda Kuukuu la Marisau: Usilisugue, Usilifungue

Juma lililopita mwenzangu mmoja kazini alinijia wakati wa chai, simu mkononi, akataka tusaidiane kuzisoma picha alizotumiwa. Dada yake yuko Marekani katika jimbo la Ohio, ambako huuguza wazee majumbani. Mzee mmoja aliyemtunza kwa miaka minne alifariki, na watoto wa marehemu wakampa kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na risasi kumi na tisa za bunduki ya marisau, zile tulizozoea kuziita risasi za shotgani. "Kaka, niulizie," aliandika, "hizi ni takataka au ni mali? Nataka kuzisugua kwa limau na majivu zing'ae, kisha nitafute mnunuzi."

Ndugu msomaji, limau na majivu ndivyo mama zetu walivyosugulia sinia za shaba, na sinia zilipendeza. Lakini kwa vitu hivi dawa hiyo ni sumu. Wakusanyaji wa vitu vya kale huko Marekani na Uingereza huitaka shaba ikiwa na ule weusi wa miaka, kwani ndio ushahidi wa umri wake. Asidi ya limau huula weusi huo, hufifisha maandishi ya kitakoni, na maji yakigusa ganda la karatasi basi hulivimbisha. Risasi iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Kitambaa laini kikavu chatosha.

Tuanze na umbo lake. Risasi ya marisau ya zamani ni mwanzi wa karatasi ngumu uliovikwa kitako cha shaba ya manjano. Katikati ya kitako mna fataki; juu yake baruti; kisha kizibo cha manyoya yaliyoshindiliwa; kisha marisau yenyewe; na mwisho kifuniko cha duara cha karatasi, kilichobanwa kwa kukunjiwa ndani ukingo wa ganda. Mfaransa Casimir Lefaucheux wa Paris ndiye aliyeipa nguvu risasi ya namna hii katika miaka ya 1830, na yake ilikuwa na kijipini kilichochomoza ubavuni. Ukikiona kijipini hicho, ujue umeshika kitu cha karne ya kumi na tisa au kinachofuata mtindo wake. Ganda la plastiki nalo lililetwa sokoni na kampuni ya Remington mwaka 1960, kwa hiyo mwenye ganda la plastiki asijisumbue kulitafutia ukale.

Sasa geuza kitako usome. Namba utakayoiona, tuseme 12, si ukubwa wa inchi wala wa milimita. Maana yake ni kwamba goroli kumi na mbili za risasi, kila moja ikienea mdomo wa mtutu ule, zina uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu namba ikipungua, mdomo hupanuka. Namba 12, 16 na 20 zimejaa tele. Namba 8 ni adimu, na sababu yake inajulikana: kanuni za Marekani za mwaka 1918 zilipiga marufuku kuwinda ndege wahamao kwa bunduki pana kuliko namba 10, na viwanda havikuwa tena na sababu kubwa ya kuitengeneza. Hata hivyo usishangilie upesi ukiipata namba 8 ya plastiki. Hiyo ni ya viwandani. Hufyatuliwa ndani ya tanuri za saruji ili kuvunja magamba yaliyoganda humo.

Pembeni mwa namba kuna jina. Herufi U.M.C. ni za Union Metallic Cartridge Company ya Bridgeport, iliyoungana na Remington mwaka 1912. Tangu hapo chapa ikawa REM-UMC. Peters ilikuwa na kiwanda chake Kings Mills, huko huko Ohio, tangu mwaka 1887 hadi iliponunuliwa na Remington mwaka 1934. (Mwaka 1890 mabehewa yaligongana mahali hapo, baruti ikalipuka na kuua watu, wanaokusanya maganda hawalitaji sana jambo hilo.) Winchester ya New Haven ndiyo iwakoroganyayo wengi, kwa kuwa baadhi ya vitako vyake vimeandikwa 1901. Mwenye nacho huapa kwamba risasi yake ilitengenezwa mwaka huo. La hasha! Mwaka huo ni wa kuingizwa kwa fataki ya namna mpya, na chapa ile iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baadaye.

Hata hivyo umri peke yake haununuliki. Risasi ya karatasi ya miaka ya 1920 au 1930 iliyotengenezwa kwa mamilioni huuzwa kwa dola chache tu. Kinachopandisha bei ni kile kifuniko kidogo cha juu, ambacho mara nyingi kilipigwa chapa ya aina ya baruti na ukubwa wa marisau. Bunduki ilipolia, kifuniko kilipotea porini. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vikazidi kuikunja midomo ya maganda kama ua lililofumba, na kifuniko hakikuhitajika tena. Kwa hiyo risasi isiyopigwa, yenye kifuniko kinachosomeka, ina heshima yake. Ganda tupu la aina ile ile ni la kuchezea watoto.

Na zaidi ya kifuniko kuna boksi. Mwindaji alilichana, akatia risasi mfukoni, akalitupa. Yaliyobaki ni machache, hasa yale ya vipande viwili, chini na mfuniko, yenye picha za bata au mbwa wa kuwindia. Boksi tupu laweza kuzidi bei ya risasi ishirini na tano lililozibeba, na yaliyo adimu kabisa hufikia maelfu ya dola. Walaghai nao wamelijua hilo. Huchapa ya bandia, basi mnunuzi hutazama wino kwa kioo cha kukuzia.

Nikamwambia mwenzangu mambo mengine mawili, nayo nayaona makubwa kuliko bei. Risasi hizo ni hai. Baruti haifi kwa uzee, wala fataki haisahau kazi yake. Asizitoboe, asizifungue kutazama ndani, asiziweke karibu na jiko, na asimpe mtu azijaribu katika bunduki. Pili, asithubutu kuzitia katika sanduku la safari kama zawadi ya nyumbani. Hapa Tanzania iko Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuingiza risasi bila kibali ni kosa, hata ziwe kuukuu namna gani. Posta ya Marekani nayo haipokei risasi. Auze huko huko, kwa mnada wa wanaozijua. Nawe msomaji, ukizikuta katika kasha la babu, usizibebe mkononi. Toa taarifa polisi.

Mwenzangu akayaandika yote akayatuma. Siku ya pili, wakati ule ule wa chai, akaja na jibu. Dada yake hakuzisugua. Vifuniko kumi na kimoja vinasomeka, na vitako vyote ni vya Peters. Kuhusu boksi aliandika hivi: "Kaka, lilikuwapo moja la karatasi lenye picha, limetafunwa na panya pembeni. Nimelitoa na taka jioni hii. Gari la taka hupita alfajiri."

Hakungoja kikombe kiishe. Akampigia papo hapo, ingawa kule Ohio ilikuwa saa tisa ya usiku. Boksi limepatikana, limelowa upande mmoja.