Mlango Umefunguliwa, Lakini Nani Atamshika Mtoto?

Leo nataka tuseme jambo ambalo wazee wengi wakilisikia linaanza barazani hukohoa, huvaa viatu wakaaga. Nawaomba mkae. Ni habari ya watoto wetu wa kike wanaopata mimba wangali shuleni. Tukiona haya sisi tuliowazaa, nani atawasemea?

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na dawa moja tu ya jambo hili, nayo ni kumfukuza msichana. Na ajabu ni kwamba kanuni ya mwaka 2002 iliyotumika kuwafukuza haikulitaja hata neno mimba! Ilisema afukuzwe mwanafunzi atakayetenda kosa dhidi ya maadili, au atakayeoa au kuolewa, na walimu wakuu wakaisoma mimba humo humo. Katika shule nyingi wasichana walipangwa mstari wakapimwa, na aliyekutwa nayo akaonyeshwa lango. Kijana mwenziwe, kama ni yeye aliyehusika, alibaki darasani na kalamu yake mkononi. Watu wawili, adhabu kwa mmoja. Mkoloni angetutendea hivyo tungejaza viwanja kwa mikutano. Lakini tulitendeana wenyewe, tukaita malezi. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza mkoani Pwani kwamba mwenye mimba hatarudi shule katika utawala wake. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuwaruhusu warudi tangu 1994, na ndugu zetu wa Zanzibar tangu 2010.

Hayo yamepita. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa msichana aliyejifungua ataruhusiwa kurudi, na waraka ukatoka. Tulishangilia, na ilistahili. Mwaka huo huo Benki ya Dunia ilisema kwamba wasichana zaidi ya 120,000 huacha shule kila mwaka katika nchi yetu, na kati yao 6,500 ni kwa sababu ya mimba au kulea.

Sasa twende nyumbani kwa mmoja wao, tuache makaratasi. Ana miaka 16 na mtoto wa miezi minne. Mama yake huondoka alfajiri kwenda shamba, maana asipolima hawali. Bibi yupo, lakini mgongoni ana mjukuu mwingine na macho hayaoni vizuri. Shule ya kata ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Msichana akienda, mtoto atanyonya nini? Na akiwa huko, saa nne maziwa yamemjaa kifuani yamelowesha shati, wavulana wanacheka, na mwalimu, badala ya kuwanyamazisha, anamtaja kuwa mfano wa wasiosikia. Siku ya tatu hatakwenda tena. Hapo hapana aliyemfukuza, na daftari la mahudhurio litaandika mtoro.

Jambo hili lina njia. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo taifa lilivianzisha mwaka 1975, vimewapokea wasichana wa namna hii, na katika baadhi yake pamewekwa mahali pa kulelea watoto karibu na darasa. Mama anasoma, kengele ikilia anakwenda kunyonyesha, anarudi. Haikuhitaji jengo la fahari. Chumba kimoja, mikeka, maji safi na mama mtu mzima anayelipwa. Kijiji kinachoweza kuchanga kwa ajili ya mwenge kinashindwaje hilo?

Lakini tusiseme ya kurudi tu tukasahau yaliyomtoa. Hesabu ya taifa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27. Imepungua, tushukuru, ila bado ni zaidi ya mmoja katika watano. Na mimba ya mtoto si fedheha tu, ni hatari. Nyonga hazijapanuka, uchungu huchukua siku mbili, na kifafa cha mimba humnyemelea. Wengine hutoka na fistula, mkojo ukawatiririka mchana na usiku, hata jirani hapendi kukaa naye. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huwatibu wanawake hao bila malipo, nao wengi hawajui kuwa maradhi yao yana tiba.

Zamani kungwi alimwambia mwali mambo ya mwili wake. Sisemi yote aliyosema yalikuwa mema; mengi yalikuwa ya kumpendeza mume, na hakumfundisha kukataa. Lakini alisema! Sisi tumemwacha kungwi, au tumempelekea watoto wa miaka tisa wakati wa likizo, na mahali pake hatukuweka mtu. Shuleni mwalimu hufundisha ua na chavua yake, akifika kwa binadamu hufunga kitabu. Msichana akijikaza akaenda zahanati kuuliza kinga, muuguzi humwuliza, "Una mume?" Miongozo ya Wizara ya Afya haimnyimi kwa sababu ya umri. Anayemnyima ni huyo muuguzi na haya zake.

Najua jibu la wakubwa: ukiwafundisha utawaharibu. UNESCO imekusanya uchunguzi wa nchi nyingi na kuona kwamba mafunzo haya hayamharakishi kijana kuanza. Na mwalimu wanaye tayari. Ni simu, na ni yule wa bodaboda anayempa lifti msichana aliyechoka kwa mwendo wa saa mbili.

Huyo naye tumemfanya nini? Sheria ya Elimu iliyorekebishwa 2016 inasema anayemtia mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Ni kali, na kwa ukali wake wazee hukutana usiku, hupokea ng'ombe au fedha, na msichana hufundishwa kumwambia askari kwamba hamjui mtu huyo. Baba aliyepokea ng'ombe kesho yake anakaa mbele msikitini au kanisani, nasi twampa mkono.

Mkutano wa kijiji unaokuja, kabla hatujafika habari ya michango ya madawati, asimame mmoja wetu amwulize mwalimu mkuu: tangu waraka wa 2021, wasichana wangapi wametoka hapa kwa mimba, na wangapi wamerudi? Akisema hana hesabu, aletewe daftari na kalamu ayaandike majina yaliyotoweka, na wazazi wao waulizwe pale pale wanahitaji nini ili warudi Jumatatu.