Oktani haichaguliwi sheli

GARI NA BARABARA
Na Elirehema Mushi

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto bila kujiwasha yenyewe. Haipimi nguvu ya mafuta, wala usafi wake. Lita ya petroli ya oktani 100 hubeba nishati inayokaribiana sana na ya lita ya oktani 90. Lakini injini iliyoundwa kwa ajili ya 100 inaweza kuumia ikinyweshwa 90, na injini iliyoundwa kwa ajili ya 90 haiongezi chochote ikinyweshwa 100. Kwa mwenye gari la kasi mjini Moshi suala hili lina ugumu wake: pampu za huko, kama za Tanzania nzima, zinatoa petroli ya aina moja. Uamuzi wa oktani hufanyika kabla ya kufika sheli, wakati wa kununua gari na wakati wa kulikabidhi kwa fundi, kisha hukamilishwa na mguu wa dereva anapopanda mlima.

Ndani ya silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa na pistoni, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kwa mpangilio kutoka kwenye cheche hadi ukutani. Mgandamizo na joto vikizidi uwezo wa mafuta, sehemu ya mchanganyiko iliyobaki pembeni hulipuka kwa mkupuo kabla ya moto wa plagi kuifikia. Hapo ndipo mafundi husema injini inagonga, na mlio wake ni kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kugonga kidogo kwa muda mfupi hakuui injini. Kugonga kwa nguvu huku gari likivuta mzigo huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, huunguza gasketi ya silinda hedi, na mwisho hutoboa pistoni yenyewe.

Injini za kawaida haziko karibu sana na hatari hiyo. Za kasi ziko karibu, kwa sababu nguvu yao inatokana na mambo yaleyale yanayoleta kugonga: kompresheni kubwa, cheche inayotangulizwa mapema, na turbo inayosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Kila hatua ya kuongeza nguvu kwa njia hizo huhitaji oktani zaidi.

Namba ya oktani ilianza miaka ya 1920, pale mkemia Mmarekani Graham Edgar alipopendekeza mafuta yapimwe kwa kulinganishwa na vimiminika viwili. Kimoja, isooktani, hustahimili sana na kikapewa 100. Kingine, heptani, hugonga upesi na kikapewa sifuri. Petroli ya oktani 95 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wa asilimia 95 ya isooktani na asilimia 5 ya heptani katika injini maalumu ya majaribio. Vipimo ni viwili. RON hupimwa injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, na MON mara 900, mchanganyiko ukiwa wa moto zaidi, ndiyo maana MON huwa ndogo. Tanzania, Japani na Ulaya hutumia RON. Pampu za Marekani huandika wastani wa RON na MON, kwa hiyo petroli yenye RON 95 na MON 85 huuzwa huko kama 90. Kitabu cha gari la Kimarekani kikidai 91, kinadai mafuta yenye RON ya takriban 95 au 96. Anayesoma namba bila kuuliza ni ya kipimo gani hujidanganya kwa namba nne au tano za oktani.

Magari mengi ya kasi yanayoonekana Moshi ni mitumba ya Japani: Subaru Impreza WRX na Forester zenye turbo, Toyota Altezza, Chaser, Crown na Mark X. Kwao Japani, pampu zina petroli za aina mbili. Kiwango cha nchi hiyo kinataka ya kawaida isipungue RON 89 na ya juu isipungue 96, lakini ya juu kwa kawaida huuzwa ikiwa karibu na 100. Kampuni ziliunda injini zikijua mnunuzi ataipata hiyo 100 katika kila mtaa. Ndiyo maana kifuniko cha tangi la magari hayo mara nyingi kina kibandiko cha Kijapani ambacho wamiliki wengi hapa hawajawahi kukitilia maanani. Kikiwa na herufi nne ハイオク, yaani haioku, au neno プレミアム, yaani puremiamu, injini hiyo iliundwa kwa petroli ya juu. Kikisema レギュラー, yaani regyura, ya kawaida inatosha.

Mark X inaonyesha vizuri tofauti hiyo ilivyo. Kizazi cha kwanza chenye injini ya V6 ya lita 2.5 kiliundwa kwa petroli ya juu na kilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 215. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2009, kilibaki na injini ya ukoo uleule, lakini Toyota iliirekebisha itumie petroli ya kawaida, na tangazo likashuka hadi farasi 203. Anayenunua Mark X kwa ajili ya barabara za Kilimanjaro ana sababu nzuri ya kukipendelea kizazi cha pili: farasi zilizopungua zimekwisha kutolewa kiwandani, kwa hesabu, badala ya kupotea barabarani kwa kugonga.

Petroli inayofika Moshi haitofautiani kwa msingi kati ya sheli na sheli. Mafuta huagizwa kwa pamoja chini ya usimamizi wa wakala wa PBPA, na mikoa ya kaskazini huhudumiwa hasa kupitia bandari ya Tanga. Shehena ya meli moja hugawanywa kwa kampuni mbalimbali, kisha kila kampuni huiuza kwa rangi na nembo yake. Shirika la Viwango, TBS, husimamia ubora, na mamlaka ya udhibiti, EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa, bila kugawa petroli kwa madaraja ya oktani. Baadhi ya kampuni huongeza viungo vya kusafisha nozeli na vali. Hivyo ni vizuri kwa injini, lakini kusafisha si kupandisha oktani, na jina la kifahari kwenye pampu halilifanyi tangi kuwa na haioku.

Kinachoweza kutofautiana kati ya vituo ni uaminifu. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, kwa hiyo petroli iliyochakachuliwa nayo hushuka daraja hata kwa kiasi kidogo cha mchanganyiko. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili wasipate faida ya kuyachanganya. Gari la kasi ambalo halijawahi kugonga, likaanza ghafla baada ya kujazwa mahali pageni, limekwisha kutoa ushahidi wa kwanza. Dereva alipunguzie mzigo, abadili kituo, na atunze risiti.

Mlima nao una sehemu yake. Mji wa Moshi uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na lango la Marangu lipo kwenye mita 1,800 na ushei. Hewa ya Moshi ina mgandamizo pungufu kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Tanga, na ya langoni pungufu kwa takriban asilimia 20. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo zaidi kila inapopanda, hivyo nguvu yake hupungua, na haja yake ya oktani hupungua pia. Ndiyo sababu majimbo ya milima ya Marekani yameuza kwa miaka mingi petroli ya 85 kwa kipimo chao, ambayo haiuzwi kwa kawaida katika majimbo ya pwani. Altezza yenye kompresheni kubwa inaweza kupanda hadi Machame bila mlio, kisha ikalalamika kwa petroli ileile katika joto la Dar es Salaam.

Turbo huvunja kanuni hiyo. Kazi yake ni kufidia hewa iliyopungua, na katika magari mengi kompyuta ya injini huiongoza ifikie mgandamizo uleule uliokusudiwa. Ili kuufikia kwenye hewa nyepesi, turbo huzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayotoka humo huwa ya moto zaidi. Kwa hiyo mwenye Impreza au Forester ya turbo asitegemee kwamba urefu wa mlima utampunguzia haja ya oktani. Kwake, barabara ya Himo hadi Marangu mchana wa Februari ni mtihani mgumu kuliko barabara tambarare ya kwenda Boma Ng'ombe.

Wakati wa hatari zaidi ni mwisho wa Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kwa sikukuu. Magari yaliyozoea lami ya mjini hupanda Kibosho, Uru, Old Moshi na Rombo yakiwa yamejaa abiria na mizigo, kiyoyozi kikiwaka, yakifuatana taratibu kwenye kona. Gia kubwa, mzunguko mdogo wa injini na pedali iliyokandamizwa hadi chini ndiyo hali inayoita kugonga kuliko zote, kwa kuwa mchanganyiko hukaa muda mrefu ndani ya silinda yenye joto na mgandamizo mkubwa. Dawa yake haina gharama: kushusha gia mapema, kuiacha injini izunguke kwa uhuru, na kutokanyaga pedali hadi mwisho. Mwenye gia ya otomatiki aondoe gia ya mwisho kabla ya kuanza kupanda.

Magari ya kisasa yana sensa inayosikiliza kugonga. Ikisikia mlio wake, kompyuta huchelewesha cheche. Injini husalimika, lakini nguvu hupungua, mafuta huliwa zaidi na moshi wa ekzosi huwa wa moto zaidi. Kwa hiyo ukimya si uthibitisho kwamba mafuta yanatosha. Gari la haioku linaloenda kwa petroli ya kawaida huweza kuwa linachelewesha cheche siku nzima bila dereva kusikia lolote. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta anaweza kuona ucheleweshaji huo kwa namba gari likiwa barabarani, na kipimo hicho kinafaa kuliko hisia za mwenye gari.

Magari ya zamani yenye distribyuta hayana ulinzi huo. Fundi hutega taimingi kwa mkono, na hapo mlima huficha kosa. Taimingi iliyosogezwa mbele Moshi ili gari lichangamke kwenye hewa nyepesi inaweza kuwa kubwa mno pindi gari linapoteremka kupitia Same na Korogwe hadi Tanga, ambako hewa ni nzito na joto ni kali. Gari linalosafiri hadi pwani litegewe kwa ajili ya pwani, hata kama hilo litalifanya zito kidogo likiwa nyumbani.

Njia za mkato ni tatu, na kila moja ina kasoro yake. Ya kwanza ni vichupa vya kupandisha oktani. Ahadi ya "pointi 5" kwenye chupa nyingi maana yake ni nusu ya namba moja, yaani kutoka 93 hadi 93.5, na vingi vina manganizi, ambayo ikitumika mfululizo huacha masizi mekundu kwenye plagi. Ya pili ni petroli ya ndege ndogo. Ina oktani kubwa, lakini ina madini ya risasi ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliyaondoa kwenye petroli ya magari kufikia mwaka 2006, na risasi hiyo huua kichujio cha ekzosi na sensa za oksijeni. Ya tatu ni ethanoli, inayoweza kutengenezwa kwa molasi ya viwanda vya sukari kama TPC, kusini mwa Moshi. RON yake hupita 105, na Malawi imekuwa ikiichanganya na petroli tangu mwaka 1982. Lakini lita yake ina takriban theluthi mbili tu ya nishati ya petroli, kwa hiyo injini ni lazima ipangiwe kiasi kipya cha mafuta, mipira na mabomba yake yahimili kileo hicho, na ethanoli isiwe na maji. Spiriti ya dukani haifai.

Njia inayobaki ni ndefu lakini ni ya uhakika: kulipatanisha gari na petroli iliyopo. Mnunuzi asome kibandiko kabla ya kulipa. Mwenye turbo iliyoongezewa presha na muuzaji wa awali airudishe kwenye kiwango cha kiwandani au chini yake, asafishe intakula inayopoza hewa ya turbo, atumie plagi za kiwango cha joto kilichoelekezwa, na aondoe masizi ndani ya silinda, maana nayo hupandisha kompresheni na kubaki na moto. Anayetaka nguvu zaidi apange kompyuta upya kwa petroli ya pampu ya hapa, si kwa ramani iliyopakuliwa kutoka nchi yenye RON 98.

Mamlaka nazo zina deni dogo. Bei huandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye mabango ya kila kituo, lakini namba ya oktani haipewi nafasi kama hiyo. Kuiandika RON kwenye kila pampu kungegharimu kibandiko kimoja, na kungempa mwenye gari namba ya kulinganisha na ile iliyo kwenye kitabu chake. Petroli ikiwa ya aina moja, mteja anastahili angalau kujua ni aina ipi.